Picha moja ya kiwandani ilinilipia kodi, ikamnyima mzee wa watu mshahara wa wiki

Simu iliingia Jumatatu saa tatu asubuhi, namba ngeni. Nilidhani ni wale watu wa mikopo ya simu, karibu niikate. Kumbe alikuwa madam wa mawasiliano wa kiwanda kimoja cha chuma nje kidogo ya Nairobi, ambako nilikuwa nimeshinda siku mbili wiki iliyotangulia nikipiga picha.

"Picha ni kali," akasema. "Mkurugenzi ameipenda sana ile ya mzee na chuma chekundu, anaitaka kwenye jalada la ripoti ya mwaka. Ila kuna kitu kidogo tu."

Kitu kidogo chenyewe kilikuwa miwani. Kwenye picha, mzee yule ameshika koleo refu, chuma kinapita mbele yake kikiwa chekundu kama kaa la jiko, na mwanga umempiga usoni hadi unaona kila tone la jasho. Lakini miwani yake ya kujikinga iko juu ya helmeti badala ya kuwa machoni. Mimi sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeona mwanga.

"Si unajua Photoshop? Mshushie miwani machoni, basi."

Nikamshushia. Ilinichukua kama dakika arubaini, na kusema ukweli ilitoka safi, hata kivuli cha fremu nilikiweka shavuni. Siku mbili baadaye pesa zikaingia. Nikamlipa mwenye nyumba huko Pipeline kodi ya miezi miwili niliyokuwa nadaiwa, nikajinunulia nyama nusu kilo. Nilichokuwa sijui ni kwamba picha ile ya kwanza, ya miwani juu ya helmeti, ilikuwa tayari imefika afisi nyingine kwenye jengo lile lile.

Nitarudi kwa mzee. Kwanza nieleze nilivyojipata mbele ya tanuri la chuma, maana sikwenda huko kwa mpango.

Mimi ni mmoja wa wale walioacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikasema nitarudi muhula ujao, na muhula ujao haujafika hadi leo. Nilikuwa na kamera niliyonunua mitumba, kwa hivyo nikafanya kile kila kijana mwenye kamera Nairobi hufanya: harusi, ruracio, mahafali, watoto wa kutimiza mwaka mmoja. Shida ni kwamba Nairobi hii kila ploti ina wapigapicha wawili na kamera moja. Wikendi unashinda umesimama tangu saa kumi na mbili hadi keki ikatwe, unahariri picha mia nne, halafu bwana harusi anakuambia atakutumia salio "wakirudi kutoka Diani". Hurudi wakiwa wamefilisika.

Kilichonitoa huko ni kubeba mizigo. Kuna mpigapicha mmoja wa zamani, sisi humwita Mkongwe, ambaye amezunguka viwanda na machimbo kwa miaka mingi. Alikuwa anatafuta kijana wa kubeba taa na tripodi. Nikaenda. Siku ya kwanza tulikwenda kwenye machimbo ya mawe ya kutengeneza saruji upande wa Athi River, na kabla hata sijafungua begi alinishika kola ya reflekta kwa nyuma kama mwizi.

"Kijana, huku hakuna kurudi nyuma," akaniambia.

Nilidhani anaongea mambo ya maisha. Hapana. Alimaanisha kurudi nyuma kwa miguu. Wapigapicha wote tuna tabia hiyo: jicho liko kwenye kamera, fremu imebana, unarudi hatua moja, unarudi mbili, ili jengo lote liingie. Harusini utagonga meza ya keki. Machimboni nyuma yako kuna ukingo wa shimo, au mkanda wa kusafirisha mawe unaozunguka, au lori ambalo tairi lake ni refu kukuliko. Dereva wa lori kama hilo ameketi juu sana na upande wa chini karibu na tairi haoni kitu. Wewe unamwona, unadhani naye anakuona. Siku hiyo yote Mkongwe alinishika kola kila nilipoinua kamera. Sasa nikitaka kubadilisha fremu nashusha kamera, nageuka, naangalia, ndipo natembea. Hadi harusini natembea hivyo, watu hudhani nina kizunguzungu.

Watu huniuliza, nani hununua picha za mashine? Jibu ni kwamba kampuni hizi zinahitaji picha kuliko bibi harusi. Kampuni ikitaka mkopo, aliye na pesa anaweza kuwa London au Mumbai na hajawahi kukanyaga Kajiado. Ataamini anachoona. Kuna ripoti ya mwaka, kuna zabuni, kuna ripoti za mazingira, kuna mabango ya mafunzo ya usalama, kuna kalenda, kuna LinkedIn. Na kazi yenyewe iko hapa hapa nchini kuliko tunavyofikiria. Bamburi wamesaga saruji Mombasa tangu 1954. Olkaria kule Naivasha mvuke wa ardhini umezalisha stima tangu 1981. Magadi, kampuni ya kuchimba magadi ziwani ilianza 1911, kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Ndiyo, magadi yale yale ambayo shosho hutia kwenye mboga ziive haraka, ila mengi ya kiwanda huenda kutengeneza vioo na sabuni.

Halafu kuna Kwale. Base Titanium walisafirisha shehena yao ya kwanza Februari 2014 kupitia gati yao ya Likoni, mchanga wenye madini ya ilmenaiti, rutili na zirkoni, wakamaliza kuchimba Desemba 2024. Miaka kumi na kitu, kwisha. Mgodi ukifungwa ndipo unaelewa picha ni nini. Swali linalobaki ni moja: hii ardhi ilikuwaje kabla, na sasa ikoje? Mkongwe alinifundisha namna ya kulijibu. Unapiga kigingi chini, unaandika urefu wa tripodi, lenzi gani, unaelekea wapi, na kila mwaka mtu anarudi kusimama pale pale na kupiga picha ile ile. Haina urembo wowote. Ukiiweka Instagram utapata likes nne, moja ya mamako. Lakini siku mwanakijiji na kampuni wakibishana kama miti imerudishwa au la, picha hiyo ndiyo itaongea.

Kuingia ndani ndiko kazi. Langoni utapuliza kifaa cha kupima pombe, ndugu yake alcoblow. Kama ulilala klabu Jumapili, Jumatatu unarudishwa kutoka hapo hapo na kazi imepotea. Baadaye kuna mafunzo ya usalama: video, maswali, sahihi. Unapewa helmeti, reflekta, buti zenye chuma kwenye vidole, miwani, vizibo vya masikio. Unapewa mtu wa kukusindikiza, na yeye akisema toka, unatoka, hata kama mwanga umefika mahali ulikuwa unausubiri tangu asubuhi. Penye mafuta au gesi inayoweza kulipuka, flashi na hata betri za kawaida haziruhusiwi, kwa sababu cheche moja inatosha. Karibu na visima vya mvuke kuna hidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama yai viza. Cha kutisha ni kwamba ikizidi, pua inazimika na huisikii tena. Ukiona harufu imepotea ghafla usifurahi.

Kuhusu ufundi wenyewe, vitu vingi nilivyojua kutoka harusini vilikufa siku ya kwanza. Chukua reflekta. Ile mistari ya fedha imetengenezwa irudishe mwanga kule ulikotoka. Ukipiga flashi iliyo juu ya kamera, mwanga unakurudia mzima mzima: unapata mistari mieupe inayowaka na mtu mweusi tii katikati, kama mzimu. Kwa hivyo flashi inatolewa kwenye kamera na kuwekwa pembeni. Chukua vumbi. Flashi ikiligonga, kila chembe inawaka, picha inakuwa kama TV ya chogo iliyopoteza mawimbi. Wakati mwingine ni heri uzime taa zako zote usubiri jua lipite kwenye tundu la paa. Lile lile vumbi lililoharibu picha sasa linachora mwale wa mwanga kutoka juu hadi chini, na unaonekana fundi.

Lenzi haibadilishwi ndani. Mkongwe hutembea na kamera mbili, kila moja na lenzi yake, na zote amezivisha mfuko wa plastiki na kofia ya kuogea ya hotelini. Nilicheka siku ya kwanza. Mwezi mmoja baadaye nilibadilisha lenzi kwenye kiwanda cha saruji "kwa sekunde mbili tu", na kusafisha sensa kulinigharimu karibu nusu ya malipo ya kazi hiyo. Saruji pia haipendi jasho. Zikikutana shingoni unawashwa hadi kesho.

Chuma ndicho kitamu kuliko vyote. Huyeyuka kwenye nyuzi kama 1,500 za selsiasi, na hata kile kinachopashwa moto ili kivutwe kiwe nondo hupita nyuzi 1,000. Joto lenyewe linakupiga kama kofi ukiwa mbali. Kamera inachanganyikiwa: ukiipimia chuma, watu wanapotea gizani. Ukiwapimia watu, chuma kinakuwa doa jeupe lisilo na umbo. Siri ni kuacha kupigana. Unasubiri kile chuma kipite karibu na uso wa mtu, chenyewe kiwe taa. Una kama sekunde mbili. Ile picha ya mzee niliipata hivyo, kwenye jaribio la thelathini na kitu.

Na hapo, kwenye hizo sekunde mbili, ndipo sikuona miwani.

Aliyenitangulia kupambana na chuma ni mwanamke. Margaret Bourke-White, Mmarekani, aliingia kiwanda cha Otis Steel mjini Cleveland mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati wanaume wa kiwandani waliona si mahali pake. Filamu za wakati huo hazikuona rangi nyekundu vizuri, kwa hivyo chuma kilichowaka mbele ya macho yake kilitoka giza kwenye picha. Alirudi usiku baada ya usiku. Kilichomwokoa ni fataki za magnesi zilizotumiwa na watu wa sinema, akazishikiza pembeni, zikamulika kiwanda kizima. Baadaye akawa jina kubwa kwenye jarida la Fortune, na jarida la LIFE lilipotoka mara ya kwanza mwaka wa 1936 jalada lilikuwa picha yake ya bwawa la Fort Peck. Simenti tupu, na bado huwezi kutoa jicho.

Wa pili ni Sebastião Salgado wa Brazil, aliyefariki Mei 2025. Huyu nilimpenda zaidi kwa sababu naye aliacha. Tofauti ni kwamba yeye aliacha kazi ya uchumi London mwaka wa 1973 akiwa na masomo yake kamili, mimi niliacha chuo nikiwa na deni. Mwaka wa 1986 alifika Serra Pelada, shimo la dhahabu huko kwao, ambako wanaume kama elfu hamsini walipanda na kushuka ngazi za mbao wakibeba magunia ya udongo mgongoni. Hakuna mashine, ni watu tu, kama siafu. Hizo picha zilizunguka dunia. Lakini kuna waliomlaumu kwamba anaremba mateso, kwamba mtu anayeteseka hapaswi kutokea mzuri hivyo. Nilipokuwa nasoma hayo mara ya kwanza niliwaona hao walalamishi ni watu wa kuketi ofisini. Siku hizi sina uhakika sana.

Maana wiki tatu baada ya ile simu nilirudi kiwandani kumalizia picha za kantini mpya. Langoni palikuwa na bango kubwa, refu kuliko mlinzi. Ni yule mzee, chuma chekundu, jasho, na miwani niliyomchorea mimi mwenyewe. Juu yake: USALAMA KWANZA.

Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilipiga selfie nalo. Saa saba nikatoka nje kunywa chai kwenye kibanda cha mama mmoja kando ya barabara, nikampata mzee ameketi pale kwenye benchi na wenzake. Nikamsalimu shikamoo, nikamwambia, "Mzee, umekuwa staa."

Aliitika marahaba, akanisogezea nafasi. Mmoja wa wenzake akacheka, cheko ile isiyo na utamu.

Ndipo nikaambiwa. Picha nilizotuma hazikwenda kwa madam peke yake. Mtu wa usalama naye alizipitia, kama ilivyo kawaida, na hiyo ndiyo kazi yake. Akaona miwani juu ya helmeti. Mzee akaitwa, akapewa barua ya onyo na wiki moja ya kukaa nyumbani. Yeye hulipwa kwa siku. Wiki nyumbani ni wiki bila unga.

"Kwa nini hukuwa umeivaa, mzee?" nikauliza, na nikajisikia mjinga hata kabla sijamaliza.

"Ilikuwa imechanika-chanika, kijana wangu, na ikipata joto inaingia ukungu. Ukiivaa huoni chuma kinapita wapi. Heri jicho liungue kidogo kuliko mguu ukatwe. Nilikuwa nimeomba nyingine mara mbili." Akanywa chai. "Kisha naona bango. Nikawaambia hawa, huyu kijana ndiye pekee aliyenipa miwani mpya."

Wakacheka wote, hata yeye. Nilipoingiza mkono mfukoni nilipe, mama akaniambia mzee ashalipa, na mandazi yangu pia.

Kuna watu watasema kiwanda kilifanya sawa, sheria ni sheria. Na kweli Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi avae kile alichopewa. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na miwani isiyopitisha mwanga si miwani. Mimi sina haki ya kuwahukumu wote wawili, kwa sababu kati ya watu watatu kwenye hii hadithi ni mimi niliyepata pesa nyingi kwa kazi ya dakika arubaini. Na fikiria kitu nilichofanya hasa. Mwekezaji amefungua ripoti akaona kiwanda ambako miwani iko machoni. Kama kungekuwa na picha ya kweli kwenye jalada lile, kuna mtu angeuliza swali, na pengine miwani mpya ingenunuliwa. Mimi nililifuta swali.

Nilimtumia mzee Sh3,000 kwa M-Pesa jioni hiyo. Akanijibu: "Asante kijana. Lakini mimi nilitaka picha. Mke wangu hajawahi kuniona nikiwa kazini."

Nikaona hilo ni rahisi. Nitaichapisha River Road, fremu ya mbao, nimpelekee. Nikampigia madam nimwombe ruhusa kama mtu mstaarabu, akakataa. Ile ya kweli haiwezi kutoka, inaonyesha ukiukaji. Ile ya kuchora nayo ni ya kampuni, kwa ripoti na mabango tu. Nikasema lakini mimi ndiye niliyeipiga. Akaniuliza kwa upole kama nilisoma mkataba. Sikuwa nimesoma, na hata hakukuwa na mengi ya kusoma.

Hapa ningependa kila mwenye kamera anisikilize vizuri. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya 2001, inasema kazi ikiagizwa na mtu asiyekuajiri, hakimiliki inahesabika imehamia kwake, isipokuwa mmeandikiana vinginevyo. Wengi wetu tunadhani ni kinyume, tunafuata yale ya YouTube ya Marekani. Ukinyamaza, umeuza. Usipoandika kwamba unabaki na haki ya kuonyesha picha kwenye kazi zako, huna hata ruhusa ya kuziweka kwenye tovuti yako. Ni karatasi moja tu. Niliandika yangu nikiwa kwenye matatu.

Kuna na sheria ya kulinda data ya 2019. Uso wa mtu anayetambulika ni data yake. Mnamo Septemba 2023 afisi ya kamishna wa data ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kubandika picha ya mteja bila idhini yake. Kwa hivyo kampuni siku hizi hukupa fomu za wafanyakazi kutia sahihi. Vizuri. Lakini mimi huangalia nani amesimama kando wakati fomu inatiwa sahihi. Kibarua atakataaje na msimamizi wake yuko hapo na kalamu? Huwa naomba nizungumze nao peke yangu kwanza, hata kama ni dakika tano wakati wa kikao cha usalama cha asubuhi. Nawaambia picha zitaenda wapi na nani atazipitia. Nawaambia mtu wa usalama ataziona. Siku ya kwanza nilipowaambia hivyo, jamaa wote walitoka wakarudi wamefunga kamba za helmeti.

Droni nayo usirushe kwa sababu tu mteja amesema "piga ya juu kidogo". Tangu kanuni za 2020, ni lazima iwe imesajiliwa na uwe na idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA. Viwanda vingi vya barabara ya Mombasa viko karibu na JKIA, na hapo hakuna mchezo.

Pesa? Ziko. Kazi yangu ya kwanza peke yangu kiwandani ilinilipa Sh45,000 kwa siku mbili, na kabla ya hapo harusi yangu bora ilikuwa Sh15,000. Lakini zinachelewa. Kampuni kubwa hulipa baada ya siku thelathini, sitini, wakati mwingine tisini, na wanataka ankara, PIN ya KRA na jina la biashara lililosajiliwa. Usiache harusi zote mara moja. Anza na karakana ya jua kali ya mtaani kwenu, piga fundi wa kuchomea vyuma, jifunze cheche. Halafu mtafute mtu umbebee taa. Hakuna kozi itakayokufundisha kushikwa kola.

Na sasa sichori miwani. Kumtoa mtu chunusi, sawa. Kuondoa karatasi ya mkate iliyopeperushwa na upepo, sawa. Kumvalisha mtu kitu ambacho hakuvaa, hapana, natoa gari turudi tukapige upya. Nimepoteza kazi moja kwa sababu hiyo, na ilikuwa ya siku nne, na niliihesabu hiyo pesa usiku mzima kama mjinga. Kwenye begi langu, pamoja na pampu ya kupulizia vumbi na zile kofia za kuogea, kuna jozi tano za miwani safi nilizonunua Industrial Area. Kabla ya kuinua kamera naangalia mtu kuanzia chini: buti, glavu, reflekta, miwani, helmeti. Mwanga nauangalia mwisho. Nikiona kasoro nashusha kamera na kusema, "Mzee, shika hii." Picha zingine huponyoka hivyo. Chuma kinapita, sekunde mbili zinaisha, mimi bado nafungua mfuko wa miwani.

Kwenye mikataba yangu sasa kuna mstari unaosema kila mfanyakazi atakayeonekana kwenye picha iliyochaguliwa atapewa nakala moja iliyochapishwa, kwa gharama yangu. Kampuni mbili zimetia sahihi bila kuuliza, moja iliuliza kwa nini. Kile kiwanda cha chuma hakijaniita tena.

Mzee nilimpiga picha nyingine siku ile ile ya chai, pale kwenye kibanda, ameshika kikombe, anacheka na wenzake, helmeti iko kwenye benchi kando yake. Hiyo haina mkataba. Nilimpelekea ikiwa na fremu, akaipokea kwa mikono miwili, akasema mkewe ataipenda.

Juzi alinitumia ujumbe. "Kijana, ile ya moto imefika wapi?"

Nikamjibu bado nafuatilia.